Mbegu ya Maharage ni Akiba ya Jamaa

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Wengi huuchukulia usemi huo kuwa ni wa fedha, lakini kwa mama mkulima wa Cyanzarwe, katika wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, akiba ya kwanza ni mbegu ya maharage iliyohifadhiwa nyumbani. Cyanzarwe iko kaskazini-magharibi mwa nchi, karibu na mji wa Gisenyi na mpaka wa Kongo, katika nchi ya milima ya volkano. Udongo wake una rutuba, na wenyeji hulima viazi mviringo, mahindi na maharage, ambayo kwa Kinyarwanda huitwa ibishyimbo.

Nyanda hizo za juu zilijulikana tangu zamani kwa maharage marefu, yale yatambaayo juu ya miti iliyochomekwa ardhini. Kwingineko nchini watu wengi walilima maharage mafupi. Shamba likiwa dogo, mmea upandao juu hutoa mavuno mengi kuliko ule ubakiao chini, ijapokuwa kukata miti na kuichomeka ni kazi ya jasho. Kwa sababu hiyo, katika miaka ya 1980 wataalamu wa taasisi ya utafiti wa kilimo ya Rwanda, ISAR, wakishirikiana na kituo cha kimataifa cha CIAT, walieneza maharage marefu katika mikoa mingine. Aina moja iliyopendwa ilitoka Mexico, nayo ikapewa jina la Umubano, yaani kuishi pamoja kwa wema.

Hata hivyo, si kila mbegu iliyosifiwa na wataalamu ilipokewa vijijini. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1980, Louise Sperling, mtaalamu wa anthropolojia, yaani elimu ya maisha na desturi za watu, pamoja na wenzake waliwaalika akina mama mashuhuri kwa ujuzi wa maharage waje kituo cha utafiti cha Rubona. Hawakuitwa ili wafundishwe, bali waliitwa wachague. Walipita kati ya mistari ya mimea, wakaishika, wakaitazama na kueleza ipi itafaa penye udongo hafifu na ipi itastahimili kivuli cha migomba. Mbegu walizochagua zilipopandwa katika mashamba yao, mara nyingi zilishinda zile za kienyeji, na mavuno yaliongezeka kwa wastani wa hadi asilimia 38.

Siri ya akina mama hao haikuwa uchawi. Kwa desturi, mkulima wa Rwanda hupanda maharage ya aina nyingi yaliyochanganywa, mekundu, meupe, meusi na ya madoa. Mvua ikizidi, aina moja huharibika na nyingine husalimika. Hivyo chungu hakikosi kitu.

Thamani ya akiba hiyo ilidhihirika baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Watu waliuawa, wengine wakakimbia, na ikahofiwa kuwa mbegu nazo zimetoweka. Vituo vya utafiti vya kimataifa vilianzisha mpango ulioitwa Mbegu za Matumaini ili kuzirejesha. Uchunguzi ulionyesha kuwa aina nyingi za maharage zilikuwa zimesalia mikononi mwa wakulima na katika masoko ya vijijini. Mbegu za viazi, zilizotegemea zaidi vituo vya serikali, zilipata pigo kubwa kuliko maharage.

Tangu mwaka 2007 serikali ya Rwanda imehimiza mashamba yaunganishwe na kupandwa zao moja lililoteuliwa. Mpango huo una faida ya mbolea, mbegu bora na soko. Lakini yaliyotokea Rubona yanafundisha kwamba anayetoa mbegu hana budi kumsikiliza kwanza atakayeipanda na kuipika.

Somo hilo lawahusu pia jamaa za askari na polisi. Askari huhamishwa, na mkewe hujikuta penye udongo asioujua. Ni busara awaulize majirani wazee kabla ya kupanda, na ajaribu mbegu ngeni katika kipande kidogo kwanza. Baada ya mavuno, atenge mbegu kabla ya kutenga chakula, aikaushe vizuri juani, aichanganye na majivu makavu na kuiweka katika chombo kikavu chenye kifuniko.

Jikoni nako kuna la kuangaliwa. Maharage yalowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe, kisha yachemshwe kwa moto mkali katika maji mapya mpaka yaive kabisa, kwani maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayoleta kutapika na kuhara. Penye miinuko kama Cyanzarwe maji huchemka kabla ya kufikia joto la nyuzi 100, kwa hiyo maharage hukawia kuiva. Mama aliyehamia huko asidhani kuwa ameuziwa maharage mabovu. Aongeze kuni na subira.

Aidha, watoto na wafundishwe kuchambua mbegu na kuzitaja majina. Siku baba akipata uhamisho, kifurushi kimoja cha mbegu hakitaongeza uzito wa mizigo, bali kitawapunguzia njaa waendako.