Lori la Masisi lashindwa na tope kabla ya upepo

Gari likikimbia hulazimika kuisukuma hewa iliyo mbele yake. Gari dogo lenye pua ya mviringo hupenya kwa urahisi. Lori lenye uso bapa huikabili hewa kama ukuta. Mwendo ukiongezeka mara mbili, upinzani wa hewa huongezeka mara nne. Ndiyo maana malori mengi ya Ulaya huwekewa kinga ya upepo juu ya kabini ili kuokoa mafuta.

Kati ya Sake na Masisi hesabu hiyo hubadilika. Kwa kilomita 20 kwa saa, lori hupata sehemu moja tu kati ya 16 ya upinzani wa hewa ambao lingepata kwa kilomita 80. Kinachokula mazutu hapo ni tope, mashimo, milima na gia ya kwanza. Walikale kulikuwa kubaya zaidi: miaka ya 2000, ndege ndogo zilitua juu ya kipande cha lami huko Kilambo kubeba kasiterite hadi Goma, kwa kuwa barabara iliyobaki haikupitika.

Upepo hurudi lori linapofika kwenye lami na dereva kukanyaga mafuta. Magunia ya viazi na maharagwe yamepita kimo cha kabini, turubai linapepea, na watu wameketi juu. Mzigo mrefu hivyo hupoteza mafuta, tena hulifanya lori kuwa jepesi kupinduka kwenye kona. Kushusha kimo cha mzigo, kukaza turubai na kuwateremsha abiria hakuhitaji mfadhili.

Hata hivyo, kumlaumu dereva peke yake si haki. Anajaza kupita kiasi kwa sababu safari moja humla siku kadhaa na malipo ya vizuizi vingi. Vita vimezidisha taabu, lakini barabara hii ilikuwa mbovu hata miaka ya utulivu.

Mfuko wa matengenezo ya barabara, FONER, ulianzishwa mwaka 2008 na hupata fedha kutokana na ushuru ulio ndani ya bei ya mafuta. Basi anayeteketeza mafuta mengi kwa ubovu wa barabara ndiye anayechangia zaidi kuitengeneza. Kila mamlaka inayotoza ushuru kwenye njia hii iwaonyeshe wananchi wa Masisi na Walikale ni kilomita ngapi zimetengenezwa kwa fedha zao.