Nyota Zilipukazo na Kipimo cha Ulimwengu

Mara kwa mara husikika kuwa wataalamu wa elimu ya nyota wasema ulimwengu watanuka. Wako wasadikio pasipo kuuliza, na wako wanaocheka na kusema, "Nani aliyekwenda huko na kamba ya kupimia?" Swali hili la pili si la kudharauliwa. Dai lisilopimwa halina haki ya kukubaliwa, liwe la mtaalamu ama la mtu wa barazani. Basi mwezi huu twapenda kueleza kamba hiyo ni ipi, na jinsi ilivyojaribiwa.

Katika mwaka 396 wa Hijria, yaani 1006 wa Miladi, nyota ngeni ilizuka mbinguni. Tabibu wa Misri, Ali bin Ridhwan, ambaye wakati huo alikuwa kijana anayeanza masomo, aliiona, na baadaye akaandika habari zake: mahali ilipokuwa, ukubwa wake ukilinganishwa na Zuhura, na mwanga wake, alioukadiria kuwa umepita kidogo robo ya mwanga wa mwezi. Leo yajulikana kwamba haikuwa nyota mpya, bali ni nyota iliyokufa kwa mlipuko, na mlipuko wa namna hiyo huitwa supanova. Maandishi yake yangali na faida kwa wataalamu, kwa kuwa hakutosheka kustaajabu, alipima.

Aina ya mlipuko ule ndiyo kamba tunayoitafuta. Nyota mfano wa jua, ikiisha kumaliza moto wake, hunywea ikawa kibete cheupe, chenye ukubwa wa kukaribia dunia yetu na uzito wa kukaribia jua. Kwa maelezo yaliyo mashuhuri, kibete hicho kikinyonya mata ya nyota jirani huzidi uzito, na kikaribiapo mara 1.4 ya uzito wa jua hakistahimili tena, hulipuka chote. Kwa kuwa chanzo chafanana, mwangaza wa milipuko hiyo nao hukaribiana. Hata tofauti zilizopo zina utaratibu: mwaka 1993 Mark Phillips alionyesha kwamba ile ing'aayo zaidi hufifia polepole zaidi, na kwa njia hiyo hesabu yaweza kusahihishwa.

Mwenye kujua nguvu ya karabai, akiiona usiku kwa mbali, aweza kukadiria umbali wake. Umbali ukiwa mara mbili, mwanga umfikiao huwa robo. Na supanova ni karabai iwezayo kuonekana kutoka umbali wa mabilioni ya miaka ya nuru.

Kipimo cha pili ni rangi. Nuru isafiripo katika anga inayotanuka, mawimbi yake nayo hurefuka na kuelekea wekundu. Wekundu huo watuambia ulimwengu umetanuka kiasi gani tangu nuru hiyo ilipoondoka. Mwaka 1929 Edwin Hubble wa Marekani alitoa ushahidi kwamba galaksi zilizo mbali zaidi ndizo zituepukazo kwa kasi zaidi. Lakini likabaki swali: je, kasi hiyo ni ile ile siku zote? Aghalabu ya wataalamu walidhani kwamba uvutano wa mata yote ulimwenguni wapaswa kuipunguza, kama jiwe lililorushwa juu lipunguavyo mwendo.

Makundi mawili yaliyokuwa yakishindana, moja likiongozwa na Saul Perlmutter, la pili likiongozwa na Brian Schmidt, ambamo Adam Riess alikuwamo, yalitafuta supanova za mbali ili kupima upungufu huo. Mwaka 1998 yote mawili yakatoa jawabu lisilotarajiwa: supanova zile zilikuwa hafifu kuliko zilivyopaswa kuwa. Maana yake zilikuwa mbali zaidi, na kutanuka kwenyewe hakupungui, bali kwaongezeka. Kisababishi chake kikaitwa nishati ya giza, na hakika yake haijajulikana mpaka leo. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2011.

Ama wenye shaka hawakukosa hoja. Walisema, huenda ni vumbi la angani lififishalo nuru. Hoja hiyo nayo ikapimwa. Kama ni vumbi, basi nyota za mbali zaidi zingezidi kufifia. Lakini kama ulimwengu ulianza kwa kupunguza mwendo, kisha ukauongeza, zile za mbali mno zingeonekana na mwanga zaidi kuliko vumbi lingaliruhusu. Darubini ya angani ya Hubble ikaziona, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2004 yakalikanusha vumbi hilo.

Wala kesi haijafungwa. Mwaka 2024 wachunguzi walitoa hesabu ya supanova zipatazo 1,500, na mwaka 2025 hesabu za namna hiyo, zilipounganishwa na ramani kubwa ya galaksi, zilitoa dalili kuwa nishati ya giza huenda yapungua kwa wakati. Dalili si hukumu, na wenyewe waliozitoa wasema hivyo.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa majumbani mwetu. Wako wenzetu wapendao kuitundika imani yao katika kila nadharia mpya, wakidhani waipa nguvu. Nadharia ikirekebishwa kesho, watawaambia nini watoto wao? Imani haihitaji tegemeo hilo, na elimu haipendi haraka hiyo. Mtoto akiuliza ulimwengu wapimwaje, tusimkemee, wala tusimpe jawabu la kumnyamazisha. Tumwambie lililopimwa, lililodhaniwa, na lisilojulikana, kila moja kwa jina lake. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.