Mlinzi wa geti mwenye digrii ya uhandisi

Waafrika Mashariki wengi walioko Doha wanaijua Mesaimeer kwa sababu moja, nayo ni makanisa. Eneo lile la ibada kusini mwa jiji, ambalo kanisa lake la Kikatoliki lilifunguliwa 2008, ndipo wanapokutana kila Ijumaa walinzi, madereva na wafanyakazi wa majumbani kutoka Kenya, Uganda na Tanzania. Baada ya ibada huulizana habari za nyumbani na nani anatuma fedha kwa makato nafuu.

Lakini jina hilo hilo limebebwa na mradi mkubwa wa maji. Kituo cha pampu cha Mesaimeer hukusanya maji ya mvua na ya chini ya ardhi ya kusini mwa Doha na kuyasukuma baharini kupitia handaki la kilomita 10 hivi, lililochimbwa chini ya bahari. Kazi hiyo ya mamlaka ya ujenzi, Ashghal, walipewa mwaka 2017 HBK ya Qatar na PORR ya Austria kwa ubia. Aliyekuwepo Doha Oktoba 2018, mvua ya karibu mwaka mzima iliponyesha kwa siku moja, haulizi kwa nini jangwa linahitaji mtaro.

Pale kanisani tulizungumza na kijana wa nyumbani. Ana digrii ya uhandisi wa ujenzi, na kazi yake ni mlinzi, zamu ya saa 12, kwenye geti la mradi mwingine jijini humo. Kila kiangazi huandika kwenye daftari majina ya wanafunzi wa vyuo vya pale wanaokuja kwa mafunzo ya vitendo, kisha huwafungulia waingie. Hatuwalaumu wanafunzi hao. Nchi inayojenga ni lazima ianze na watoto wake.

Tukamuuliza, na wewe fildi yako ulifanyia wapi? Wiki nane, alisema, kwenye mradi mmoja mkubwa nyumbani ambao sote tunaujua. Alihesabu mifuko ya saruji. Siku nyingine alitumwa maandazi na vocha. Mchoro hakuwahi kuuona hata mmoja, na kitabu chake cha kumbukumbu kilisainiwa na mtu ambaye hawajawahi kusalimiana. Nauli na chakula vilitoka kwa mama yake.

Wakubwa wetu wakiulizwa husema vyuo havifundishi, vijana hawana ujuzi. Jamani! Ujuzi wa kumwaga zege kwenye nguzo ya daraja utaupata darasani gani?

Tena si jambo ambalo hatukuwahi kulijua. Reli ya TAZARA ilipokuwa inajengwa kati ya 1970 na 1975, mwaka 1972 wanafunzi wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea reli, wakati mataruma yakiendelea kutandikwa huku nyumbani. Miaka zaidi ya 40 baadaye, kuanzia 2016, Kenya nayo ilipeleka vijana wake katika chuo hicho hicho, ambacho sasa kinaitwa Beijing Jiaotong, kwa ajili ya SGR ya Mombasa hadi Nairobi. Mtu anaweza kubisha juu ya mkopo wa reli ile, na sisi tumebisha sana, lakini hilo la wanafunzi lilipangwa na likafanyika.

Tanzania imejenga SGR ya Dar es Salaam hadi Dodoma na Waturuki wa Yapı Merkezi, na bwawa la Nyerere la megawati 2,115 na Wamisri. Tunaambiwa kila mara ni ajira ngapi zilipatikana. Tungependa kuambiwa pia ni wanafunzi wangapi walikaa miezi sita pembeni ya mhandisi, wakalipwa, wakatoka wanajua kusoma vipimo vya udongo.

Fedha si kisingizio. Kenya kila mwajiri hukatwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi kwa ajili ya mafunzo. Tanzania waajiri wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo 2023 ilishushwa toka asilimia 4 hadi 3.5 ya mishahara. Tunachotaka ni kitu kidogo kwenye zabuni: idadi ya wanafunzi, posho yao, bima yao na mhandisi wa kuwasimamia, viandikwe kwenye mchanganuo wa gharama kama zinavyoandikwa nondo na kokoto. Mkandarasi asipowachukua, mhandisi mshauri asiidhinishe malipo ya kipengele hicho. Makandarasi watalalamika kuwa wanafunzi ni hatari kwenye mashine na wanachelewesha kazi. Ni kweli wanachelewesha, ndiyo maana walipwe kwa kuwafundisha.

Kijana wetu alituaga mapema siku ile. Zamu yake ilikuwa inaanza saa kumi na mbili jioni, na basi la kampuni halisubiri mtu.