Hisa za tumbaku: hatari ni ya nani?



Kuna wenzetu wa diaspora wanatuambia: ukipata dola kidogo, nunua hisa za kampuni za sigara, zinalipa faida kila mwaka, mambo ya tribinali yamepungua. Mimi niko na diplome ya uchumi na sina kazi. Makuta naitaka kama wewe. Lakini tuangalie hiyo hesabu.

Ni kweli hatari iko. Québec, kule Kanada, wavutaji walishitaki kampuni tatu mwaka 1998. Hukumu ikatoka 2015: zaidi ya bilioni 15 za dola za Kanada. Kampuni zikakata rufaa, zikashindwa Machi 2019, na mwezi uleule zote tatu zikakimbilia tribinali kuomba ulinzi zisidaiwe. Mpango wa kulipa wagonjwa na majimbo, bilioni 32,5, ulikubaliwa Machi 2025. Miaka 27! Mmoja wa waliosimama mbele katika kesi alikufa 2012, hata hukumu ya kwanza hakuiona. Lakini BAT ya London, mama wa moja ya kampuni hizo, iliendelea kugawia wenye hisa faida yao bila kukosa mwaka.

Marekani ni vilevile. 1998 kampuni zilikubali kulipa majimbo 46 dola bilioni 206 kwa miaka 25. Zilifanya nini? Zikapandisha bei ya pakiti. Aliyelipa ni mvutaji.

Basi mwenye hisa anauliza swali moja tu: tribinali itakata ngapi? Mahali watu hawashitaki, anaandika sifuri. Hiyo sifuri ni sisi. Ni mtoto anayetembeza sigara mojamoja Birere, ni familia inayouza shamba ili mzee wa mapafu atoke hospitali.

Mtasema: usiponunua wewe, mwingine atanunua. Ndiyo, atanunua, na dola zako 50 hazitatingisha bei hata kidogo. Kususa peke yake hakutoshi, tusidanganyane. Kinachowauma ni kesi.

Na kesi si ndoto. Kongo iliridhia mkataba wa OMS juu ya tumbaku mwaka 2005. Kifungu cha 19 kinaongea juu ya kuwajibisha kampuni mbele ya sheria, hata kwa fidia. Tunauliza Wizara ya Afya na Wizara ya Sheria: dosie iko wapi? Na ninyi ma-avoka vijana munaozunguka na faili bila wateja, nani ataandika ya kwanza?