TAHARIRI: Corona iliondoka, mwalimu kibarua bado ndiye anayeshikilia shule

TUANZE na swali rahisi. Shule zote zilipofunguliwa tena Januari 4, 2021, baada ya zaidi ya miezi tisa ya kukaa nyumbani, ni nani hasa aliyeingia darasani kufundisha?

Kama ulikuwa hapa Nairobi, labda unakumbuka foleni ya kunawa mikono langoni, kipimajoto kikielekezwa kwenye paji la uso kama bunduki, na barakoa iliyokuwa imegeuka kitambaa cha kufuta jasho kufikia saa nne asubuhi. Lakini kule ushago, kwa shule kama zile za wadi ya Kanyangi, Kitui Vijijini, upande ule wa kuelekea Mto Athi na Makueni, hofu ya kwanza haikuwa virusi. Ilikuwa, je, mwalimu wa hisabati atarudi?

Swali hilo linafaa kuulizwa hata leo, kwa sababu njia iliyotumiwa kuziba pengo wakati wa corona ndiyo inayotumiwa mpaka sasa. Na wanaozibia pengo hilo ni vijana wa rika letu.

Kwanza tuelewane jinsi shule ya mashambani inavyoendeshwa. Wapo walimu walioajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Hao mshahara wao unatoka Nairobi, mvua inyeshe au jua liwake. Wakipungua, na hupungua karibu kila mahali, bodi ya shule hutafuta mtu wa kujaza nafasi. Huyo ndiye mwalimu wa BOM. Mara nyingi ni kijana aliyetoka chuo juzi, ana cheti, ana nambari ya TSC, ila hana kazi ya TSC. Anachopewa mwisho wa mwezi kinatoka kwa wazazi.

Sasa rudi Machi 2020. Kisa cha kwanza cha corona nchini kilitangazwa Machi 13. Siku mbili baadaye, Rais Uhuru Kenyatta akaagiza shule zifungwe. Mwalimu wa TSC alienda nyumbani na mshahara wake. Mwalimu wa BOM alienda nyumbani na begi lake. Shule ikifungwa hakuna karo, na pasipo karo hakuna cha kumlipa. Hakuna aliyemfuta kazi. Hakuhitaji kufutwa.

Hapo ndipo sisi wa mjini tunapoingia kwenye hadithi. Aprili 6 mwaka huo, serikali ilifunga Nairobi na viunga vyake, hakuna kuingia wala kutoka, hadi Julai. Basi la Kitui halikuondoka stejini. Vibarua vikakatika Industrial Area, hoteli zikafungwa, mama wa kufua akaambiwa asije tena. Zile elfu mbili tatu zilizokuwa zikitumwa nyumbani kwa simu zikakauka. Kumbe pesa zile hazikuwa za unga na sukari tu. Ndizo zilizokuwa karo ya mdogo wako, na karo hiyo ndiyo iliyokuwa mshahara wa mwalimu wake. Mtu akikosa kazi Nairobi, darasa la Kanyangi linapoteza mwalimu. Mnyororo ulikuwa mfupi hivyo, na bado uko hivyo.

Walimu wa shule za kibinafsi walionja hali hiyo hiyo. Kule Mwea, Kirinyaga, shule moja iligeuza madarasa kuwa mabanda ya kuku, na picha zake zikaonekana hadi ng'ambo. Tulicheka mitandaoni. Haikuwa mzaha. Mwalimu aliyegeuka kuwa muuza mboga au dereva wa boda hawezi kuitwa kwa kengele arudi kazini.

Serikali haikukaa bure, tuseme ukweli. Vipindi vya masomo vilipeperushwa kwenye redio ya KBC na runinga. Marehemu Profesa George Magoha, aliyekuwa Waziri wa Elimu, alikuja na mpango wa masomo ya kijamii, walimu wafundishe vikundi vidogo karibu na wanakoishi. Wazo halikuwa baya, lakini liliishia mahakamani kabla ya kushika kasi. Tena lilitegemea kuwepo kwa mwalimu kijijini, wakati aliyekuwa akiishi kijijini kabisa, yule wa BOM, hakuwa na uhakika wa kulipwa.

Redio nayo ina kikomo chake. Haioni kwamba umekunja uso kwa sababu hujaelewa. Na kusomea kwa simu kulihitaji bando, simu yenyewe, na mtandao usiokutaka upande juu ya mti kuutafuta.

Kisha hesabu zikaanza kugoma. Oktoba 12, 2020, walirudi wanafunzi wa Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne pekee. Shule zikapumua. Madarasa yalikuwa mengi, wanafunzi wachache, walimu wote wakigawana madarasa machache. Ungedhani tumepata dawa. Lakini Januari wote waliporudi, kanuni ya kukaa umbali wa mita moja ikakutana na uhalisia. Tuseme darasa lina wanafunzi 50. Ukiwatenganisha inavyotakiwa, unapata madarasa mawili. Darasa la pili unaweza kulijenga chini ya mwembe. Mwalimu wa pili utamtoa wapi? Ndiyo maana kanuni ya umbali ilififia kimyakimya, tukabaki kukagua barakoa.

Tusisahau pia kwamba walimu ni binadamu wenye mapafu. Oktoba hiyo hiyo, shule za Star of the Sea na Tononoka mjini Mombasa zilifungwa baada ya virusi kuingia kwa walimu. Walimu wa umri mkubwa na wenye maradhi kama kisukari walikuwa na sababu ya kuogopa chaki. Katika shule yenye walimu 40, watatu wakikaa nje mnagawana vipindi. Katika shule yenye sita, watatu ni nusu ya shule.

Sasa tazama dawa iliyotolewa. Mei 2020, katika mpango wa kufufua uchumi wa Sh53.7 bilioni, Sh6.5 bilioni zilitengewa elimu ili kuajiri walimu 10,000 na vijana 1,000 wa teknolojia. Kukawa pia na Sh1.9 bilioni za madawati kutoka kwa mafundi wa jua kali. Wengi tulishangilia. Lakini msingi ambao TSC ilikuwa imeanza kuujenga hata kabla ya corona, wa kuchukua walimu waliohitimu kama vibarua wa mkataba mfupi, ukawa sasa ndio nyumba yenyewe.

Angalia miaka iliyofuata. JSS ilipoanza 2023, ilisimamishwa na vibarua wa Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Aprili 2024, mahakama ya leba ilisema TSC ilikiuka haki za walimu hao kwa kuwachukua kama vibarua ilhali wamehitimu na kusajiliwa. Mwezi uliofuata wakaingia barabarani, na masomo ya JSS yakasimama. Ilibidi kelele zipigwe ndipo walimu 46,000 wakapewa ajira ya kudumu kuanzia Januari 2025. Na katika mwezi huo huo wa Januari, vibarua wapya 20,000 wakaingia mlango ule ule.

Kwa hivyo tunauliza: dharura gani hii isiyoisha?

Tunajua jibu litakalotolewa. Hazina haina pesa, na kijana anahitaji uzoefu. Hoja ya pesa ina uzito. Deni la taifa sote tunalilipa kila tunapojaza mafuta. Lakini hoja ya uzoefu haisimami. Kibarua hafundishi nusu ya kipindi. Hasahihishi nusu ya mtihani. Anabeba mzigo mzima, mara nyingi mkubwa zaidi kwa sababu yeye ndiye mdogo kazini, kisha analipwa kama mtu anayejaribu bahati. Huyo hajifunzi kazi, anaifadhili.

Wanaolipa mwishoni ni watoto. Mwalimu ambaye hajui kama atakuwepo muhula ujao hapangi nyumba karibu na shule, hapandi hata sukuma wiki. Akipata nafasi kwingine ataondoka Jumatano, na Alhamisi darasa litajisomea.

Majirani zetu wametuonyesha mwisho wa njia hiyo. Uganda shule zilifunguliwa kikamilifu Januari 10, 2022, karibu miaka miwili tangu zifungwe. Walimu wengi walikuwa wameshapata riziki kwingine na hawakurudi. Jengo linaweza kusubiri miaka miwili. Mwalimu mwenye watoto wa kulisha hawezi.

Na tusiambiwe haiwezekani kujipanga. Kaunti ya Kitui yenyewe ilitoa mfano. Corona ilipoingia, kiwanda cha nguo cha KICOTEC pale Syongila kiliwageuza mafundi wake kuwa washonaji wa barakoa, na katika muda mfupi Kitui ikawa inasifiwa nchi nzima. Siri haikuwa muujiza. Mafundi walikuwepo tayari, wamefunzwa, wanalipwa, wanajulikana majina. Dharura ilipokuja, kazi ilikuwa kubadilisha kitambaa tu. Wadi jirani na Kanyangi, pale Kwa Vonza, kuna Chuo Kikuu cha SEKU kinachofunza walimu. Watu tunao. Tusichokuwa nacho ni orodha, pesa na nia.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila kaunti ndogo iwe na orodha ya walimu wa akiba, waliosajiliwa na wanaoishi karibu, wanaoweza kuitwa mwalimu akiugua, akijifungua au akistaafu. Isingoje corona nyingine. Mafuriko, kipindupindu na ukame hutufungia shule bila kuomba ruhusa.

Pili, mwalimu wa BOM atolewe mgongoni mwa mzazi. Serikali ikiwa inajua shule ina upungufu, na TSC yenyewe imekuwa ikitaja pengo la walimu zaidi ya 100,000 nchini, basi kiasi fulani cha malipo yake kitoke kwenye pesa za umma, ili ndengu zikikosa mvua darasa lisikose mwalimu.

Tatu, ukibarua uwe na mwisho ulioandikwa. Mwaka mmoja, kisha ajira au jibu la wazi. Si kuongezewa mkataba Desemba baada ya Desemba kama mkopo wa simu.

Kwako wewe unayesoma haya ukiwa ndani ya matatu, huenda una binamu anayefundisha kwa mkataba huo, au wewe mwenyewe una shahada ya ualimu na unauza viatu Gikomba. Usidhani ni bahati mbaya yako binafsi. Ni sera, na sera huandikwa na watu wanaoomba kura.

Basi Desemba ukishuka stejini nyumbani, baada ya kusalimia wazee na kula mbuzi, pitia shule uliyosomea. Muulize mwalimu mkuu swali moja: hapa mna walimu wangapi wa TSC, na wangapi wa kulipwa na wazazi? Kisha umpelekee MCA na mbunge wako jibu hilo, ukamuulize atafanya nini kabla dharura nyingine haijabisha hodi.