Mbwa jike mdogo afungwe kizazi kabla ya joto la kwanza

Mbwa jike wa aina ndogo, kama spitz au maltese, afungwe kizazi akiwa na miezi mitano au sita, kabla ya joto la kwanza. Utafiti wa Schneider na wenzake wa mwaka 1969 ulionyesha kuwa hatari ya saratani ya matiti hushuka hadi asilimia 0.5 ya ile ya mbwa asiyefungwa. Mkingoja joto moja ni asilimia 8, mawili 26. Ni kweli wahakiki wa mwaka 2012 waliuona ushahidi huo kuwa dhaifu, lakini kinga dhidi ya usaha katika mji wa mimba haina ubishi: jike mwenye usaha huo hunywa maji kupita kiasi, hukataa chakula, na asipopasuliwa upesi huweza kufa.

Wapo wanaosema viungo vya mifupa vitaharibika akifungwa mapema. Hofu hiyo inawahusu zaidi mbwa wakubwa; watafiti wa Davis, California, walipochunguza aina 35 mwaka 2020, wengi wa wadogo hawakuonyesha ongezeko la maradhi hayo. Wengine hudai azae kwanza mara moja, dai lisilo na faida yoyote ya kiafya. Tena, hapa kwetu Kianjai ua wa michongoma haumzuii dume aliyenusa jike, na jike mdogo akipandwa na dume mkubwa huenda akashindwa kuzaa. Kama joto limeshaanza, subirini miezi miwili au mitatu mishipa itulie, kisha mpelekeni kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa.