Ukuta haujengwi kwa kumbukumbu

Masomo: Nehemia 2:11-18, Ufunuo 3:1-6

Kati ya makanisa saba yaliyoandikiwa barua katika Kitabu cha Ufunuo, lile la Sardi ndilo linaloogofya kuliko yote. Haitajwi dhiki iliyolitesa, wala hatajwi nabii wa uongo aliyelipotosha. Shida yake ilikuwa moja tu: lilikuwa na jina la kuwa hai, kumbe limekufa. Watu wa mji ule walipaswa kuelewa upesi. Ngome yao ilikaa juu ya mlima wenye magenge makali, na historia inaonyesha kwamba ilitekwa zaidi ya mara moja kwa namna ileile. Adui alipanda upande ambao haukuwekewa mlinzi, kwa kuwa kila mtu aliamini haupandiki.

Nimeukumbuka mji huo nikifuatilia habari za timu ya mbio za magari ya Uingereza iitwayo Williams. Wengi wetu tukisikia mbio za magari tunafikiria Safari Rally, vumbi na matope. Hizi ni za Formula One, zile zinazoitwa langalanga: magari ya kiti kimoja yanayozunguka barabara ya lami kwa mwendo unaoweza kupita kilomita 300 kwa saa. Msimu mzima madereva na timu hukusanya pointi, na mwishoni hutolewa mataji mawili, moja la dereva na moja la timu.

Msomaji anaweza kuuliza: mambo hayo yana uhusiano gani na madhabahu? Ni kweli kwamba mbio hizi hula fedha nyingi mno, na sidhani kama Mungu ana timu anayoishangilia. Lakini Bwana wetu alifundisha kwa habari za wapanzi, wavuvi, mawakili wa mali, na mtu aliyetaka kujenga mnara bila kupiga hesabu. Kazi za watu zina mafundisho yake. Hii ina fundisho ambalo makanisa yetu, taasisi zetu na hata nyumba zetu zinalihitaji.

Udhaifu haukuwaangusha

Frank Williams alianza kwa shida. Kuna wakati alikatiwa simu, akawa anaendesha shughuli zake kutoka kibanda cha simu cha barabarani. Mwaka 1977 yeye na mhandisi Patrick Head walianzisha timu tunayoizungumzia. Mwaka 1979 Clay Regazzoni akawapatia ushindi wa kwanza, tena nyumbani, Silverstone. Mwaka 1980 Alan Jones akawa bingwa wa dunia, na timu ikatwaa taji lake la kwanza.

Machi 1986 Frank alipata ajali ya gari nchini Ufaransa, akitoka kwenye majaribio ya magari yake. Aliumia uti wa mgongo, akapooza, na tangu hapo hadi kufa kwake Novemba 2021 alikuwa mtu wa kiti cha magurudumu. Mtu angedhani huo ndio ulikuwa mwisho wa timu. Hebu tuhesabu. Williams ina mataji tisa ya timu, na saba kati ya hayo ilitwaa baada ya ajali hiyo: 1986, 1987, 1992, 1993, 1994, 1996 na 1997. Mei 1, 1994 Ayrton Senna alikufa akiendesha gari lao huko Imola, Italia. Katika msiba huo mzito walisimama, wakamaliza msimu wakiwa mabingwa.

Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba uweza wa Mungu hutimilika penye udhaifu. Basi tusiseme timu ile ilianguka kwa sababu mwanzilishi wake alipooza. Ilianza kuanguka ikiwa na nguvu.

Nyufa za siku za ushindi

Katika miaka ya 1990 mbunifu mkuu wa magari yao alikuwa Adrian Newey. Alitaka kuwa na sauti katika maamuzi makubwa, na sehemu ya umiliki. Hakupata. Aliondoka kwenda McLaren, na mwaka 1998 gari alilolibuni huko likatwaa mataji yote mawili. Damon Hill naye alikuwa njiani kuwa bingwa wa 1996 alipoarifiwa, msimu ukiwa bado haujaisha, kwamba nafasi yake ya mwaka unaofuata amepewa mwingine. Katika nyumba ile gari lilikuwa mfalme. Mtu, hata awe bingwa, aliweza kubadilishwa kama kipuri. Na kwa kuwa mataji ya 1996 na 1997 yalikuja hata hivyo, ilionekana kwamba utaratibu huo hauna madhara. Hiyo ndiyo hatari ya ushindi: hutupa cheti hata kwa makosa yetu.

Mwisho wa 1997 Renault, waliokuwa wakitengeneza injini zao, wakajiondoa. Mwaka 2000 wakaja BMW, na ushindi ukapatikana tena kwa miaka kadhaa. Lakini BMW walipotaka kuinunua timu, Frank alikataa, nao baada ya msimu wa 2005 wakaenda kununua timu nyingine. Baada ya ushindi wa Brazil mwaka 2004, Williams walishinda mbio moja tu hadi msimu wa 2025 ulipofungwa: ile ya Hispania, Mei 2012, kupitia Pastor Maldonado.

Kulikuwa na kipindi cha matumaini. Mwaka 2014 zilipoanza kutumika injini mpya zinazochanganya petroli na umeme, Williams walikuwa wamepata injini za Mercedes, zilizokuwa bora kuliko zote. Wakashika nafasi ya tatu mwaka huo na mwaka uliofuata. Lakini injini hiyo ilikuwa ya kununua, na ugonjwa ulikuwa ndani ya karakana yao wenyewe. Wapinzani walipopata nguvu, homa ikaonekana. Mwaka 2018 wakawa wa mwisho kwa pointi 7. Mwaka 2019 wa mwisho tena, kwa pointi 1. Mwaka 2020 wa mwisho, bila pointi hata moja. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Jina mbele ya jengo lilikuwa lilelile, na vikombe bado viling'aa kwenye makabati. Hiyo ndiyo Sardi.

Neema ya kuachia

Agosti 2020 familia iliiuza timu kwa kampuni ya uwekezaji ya Marekani, Dorilton Capital. Mwezi uliofuata, baada ya mbio za Monza, Frank na binti yake Claire, aliyekuwa akiiongoza timu siku hadi siku, wakaaga. Nadhani hilo lilikuwa miongoni mwa matendo yao ya heshima kubwa. Wangeweza kushikilia mpaka milango ifungwe, na mamia ya wafanyakazi warudi nyumbani mikono mitupu. Walikubali timu iishi bila wao.

Hapa kwetu waanzilishi wangapi wa huduma, shule na vyama wameshindwa hatua hii? Wanazeeka na funguo mfukoni. Musa alimwekea Yoshua mikono akiwa bado hai, mbele ya macho ya watu wote. Wakili mwema anajua kwamba alichokabidhiwa si chake.

Kuzunguka ukuta usiku

Nehemia alipofika Yerusalemu hakuanza kwa hotuba wala kwa harambee. Alikaa siku tatu. Kisha akaondoka usiku na watu wachache, akapita langoni na kuzikagua kuta zilizobomoka na malango yaliyoteketea. Mahali pengine mnyama wake alikosa hata njia ya kupita. Baada ya kuona, ndipo aliposema na watu, na alisema nao akijihesabu kuwa mmoja wao katika aibu ile.

Mwaka 2023 Williams ilipata kiongozi mpya, James Vowles, kutoka Mercedes. Naye alikagua, na baadaye akaeleza hadharani alichokikuta. Vipuri takribani 20,000 vya gari vilikuwa vikifuatiliwa kwa orodha ya Excel, ile programu ya kompyuta ambayo hata mhasibu wa usharika anaitumia. Orodha haikuonyesha kwa urahisi kipuri kiko wapi, kinagharimu kiasi gani, wala kitachukua muda gani kutengenezwa. Timu yenye mataji tisa ilikuwa inatafuta vitu vyake kwa kuuliza huku na kule. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kuubadili utaratibu huo kuliwaumiza. Gari la 2024 lilichelewa, na walikwenda Australia bila chasisi ya akiba. Siku ya mazoezi Alex Albon akagonga, gari lake likawa halitengenezeki kule. Viongozi wakachukua gari la mwenzake, Logan Sargeant, wakampa Albon. Vowles alikiri kwamba kijana huyo anaumia kwa kosa ambalo si lake. Albon akamaliza wa 11, nafasi moja nje ya pointi, na kabla msimu haujaisha Sargeant akawa amepoteza kazi.

Hapa sitapamba maneno. Kiongozi alisema ukweli, lakini bili ya ukarabati ilipelekwa kwa mnyonge wa timu. Nehemia alikutana na jambo kama hilo. Ukuta ukiwa bado unajengwa, maskini walilia kwamba wamewekea rehani mashamba na watoto wao kwa ndugu zao wenyewe. Nehemia hakuwaambia wasubiri ukuta ukamilike. Aliitisha mkutano, akawakemea wakuu, akawataka warudishe walichochukua. Ujenzi unaowasaga wadogo unaurudisha ugonjwa wa zamani kwa jina la mageuzi. Williams walikwishaanguka mara moja kwa kuwaona watu kama vipuri. Wajihadhari wasiinuke kwa njia hiyohiyo.

Siku ya mambo madogo

Je, watainuka? Mwaka 2023 walikuwa wa saba, mwaka 2024 wa tisa. Mwaka 2025, Carlos Sainz akiwa amejiunga nao kutoka Ferrari, walimaliza wa tano kwa pointi 137, na Sainz akashika nafasi ya tatu Azerbaijan na tena Qatar. Ezra anasimulia kwamba msingi wa hekalu la pili ulipowekwa, vijana walipiga kelele za furaha na wazee waliolikumbuka la kwanza wakalia, hata sauti za furaha na za kilio zisiweze kutofautishwa. Ndivyo ilivyo kwa mashabiki wa Williams. Aliyeona miaka ya 1990 anauona utatu huo kuwa makombo, na kijana aliyezoea kuwaona mkiani anashangilia. Nabii Zekaria alionya tusiidharau siku ya mambo madogo.

Viongozi wao walisema mapema kwamba wako tayari kupoteza misimu ya karibu ili wajiandae kwa kanuni mpya za magari na injini zinazoanza 2026. Kanuni mpya ni mpya kwa wote, na wapinzani hawalali. Lakini tumaini lao lina mfano wa kushika. McLaren, baada ya taji la timu la 1998, walingoja hadi 2024 kupata lingine: miaka 26. Wakalitwaa tena 2025. Nao walitumia injini za Mercedes, wanazotumia pia Williams, kwa hiyo injini si kisingizio. Maoni yangu ni kwamba njia waliyoishika ni sahihi na safari bado ni ndefu. Jaribu lao kubwa litakuja siku watakaposhinda tena. Hapo ndipo tutajua kama wamejifunza kumthamini mtu, au wametengeneza tu orodha nzuri ya vipuri.

Sasa tugeukie kuta zetu. Kuna usharika unaosimulia wamisionari waliojenga jengo lake la mawe, lakini darasa la Shule ya Jumapili halina mwalimu. Kuna kwaya iliyojaza kabati kwa vikombe, na sauti ya nne inaimbwa na mzee mmoja. Kuna shule ya kanisa inayotaja mawaziri waliosoma hapo, na maabara yake imefungwa kwa kufuli. Jubilei husherehekewa, fulana huchapishwa, na Jumatatu hakuna anayeuliza kwa nini vijana wamehamia kwingine. Wengine tumenunua injini ya mkopo, vipaza sauti vikubwa na mhubiri mgeni wa wiki moja, tukaiita uamsho.

Kabla ya kikao kijacho cha baraza la kanisa, fanyeni kama Nehemia. Hesabuni watoto. Fungueni daftari la mapato na matumizi mbele ya watu. Mtembeleeni yule mwinjilisti au mwalimu wa kwaya aliyeondoka kwa huzuni, mumuulize kilichomwondoa, kisha msikilize bila kujitetea. Huenda yeye ndiye Newey wenu.

Kanisa la Sardi halikuambiwa limekwisha. Liliambiwa liamke na kuyaimarisha yaliyosalia, yaliyokuwa karibu kufa. Maana yake yalikuwapo yaliyosalia. Kwetu pia yapo. Bwana atujalie macho ya kuuona ufa, na moyo wa kumbebea mchanga fundi anayeuziba.